KIBAO UKUTANI HAKITOSHI: MAAFISA WA HABARI ZA MISAADA WAFUNDISHWE HESABU



Iko kazi moja ambayo baba zetu hawakuijua katika orodha ya kazi za mshahara, nayo ni kazi ya kuwaeleza watu habari za misaada ya nchi za nje. Wanaoifanya huitwa maafisa wa mawasiliano. Wamo katika wizara, katika kaunti, katika mashirika ya dini na mashirika mengine ya hiari, na katika ofisi za mabalozi. Mtu akiwaona na kamera na fulana safi hudhani ni wakubwa. Sivyo. Wengi wao ni wafanya kazi kama sisi, tena wa mkataba wa mwaka mmoja au miezi sita, bila pensheni, na mradi ukifungwa nao hufungiwa mlango siku hiyo hiyo. Basi jambo hili linatuhusu. Wale ni wenzetu wa kazi, na yale wanayoyatangaza sisi ndio tunaoyalipia, ama leo kwa kodi ama kesho kwa deni.

Neno langu ni hili: wenzetu hawa wanafundishwa vibaya. Wanafundishwa kumwonyesha mtoaji, hawafundishwi kuonyesha masharti. Wanajua nembo ikae upande gani wa kibao, lakini hawajui kama kisima kilicho nyuma ya kibao ni zawadi au ni mkopo. Na mtu asiyejua hilo hawezi kumwamsha mwananchi yeyote, awe wa Kisumu au wa London.

Msidhani nasema kwa kusikia. Niliwahi kukaa siku tatu katika mafunzo ya namna hii, katika hoteli moja nzuri kando ya ziwa. Mwenye mafunzo simtaji. Siku ya kwanza tulifundishwa vipimo vya nembo, rangi zake, na kwamba isikaribiane na nembo ya mwingine. Siku ya pili tulifundishwa kupiga picha ya mama na mtoto, mama awe anacheka. Siku ya tatu tuliandika hadithi ya mtu mmoja ambaye maisha yake yamebadilika, na tukaambiwa isipite maneno mia tatu. Nilinyosha mkono nikauliza, huu mradi tunaouandikia ni fedha za bure au ni deni? Mwalimu akajibu kwa upole kwamba hilo ni swali la watu wa Hazina. Tukaenda kunywa chai. Chai ilikuwa nzuri, sikatai.

Mtindo huu si mpya. Baada ya vita vya pili vya dunia Marekani ilipoisaidia Ulaya kwa mpango wa Marshall, toka 1948 mpaka 1952, ilitoa karibu dola bilioni 13. Mizigo iliyoteremka bandarini ilibandikwa alama kusema kwamba imetolewa na Marekani. Sinema zaidi ya mia mbili zilitengenezwa, zikaonyeshwa mijini na vijijini ili watu wa Ulaya wajue nani amewapa ngano na matrekta. Fedha za kazi hiyo zilipatikanaje? Kila nchi iliyopokea iliweka fedha za kwao, sawa na thamani ya zawadi, katika akaunti moja, na sehemu tano katika mia za akaunti hiyo waliachiwa Wamarekani kwa matumizi yao, na humo zikatoka fedha za matangazo. Kwa hiyo mpokeaji alichangia gharama ya kutangaza ukarimu wa mtoaji. Na sisi huku tulikuwa na motokaa za sinema za Serikali ya kikoloni, zikizunguka mashambani kutufundisha jinsi tunavyotunzwa vizuri. Wazee wanazikumbuka.

Basi tuangalie kazi hiyo ya miaka mingi imezaa nini. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilianzishwa 1961. Kuanzia miaka ya 2004 na 2005 lilitia nguvu sana katika alama: kila gunia, kila kitanda cha hospitali, kila mlango wa gari uandikwe kwamba hiki kimetoka kwa watu wa Marekani. Hapa Kenya hakuna mtu asiyeijua ile mikono miwili iliyoshikana. Lakini hao watu wa Marekani wenyewe, ambao jina lao limeandikwa kwenye gunia, walijua nini? Kwa miaka mingi wamekuwa wakiulizwa katika kura za maoni, katika fedha zote ambazo Serikali yenu inatumia, misaada ya nje inachukua kiasi gani? Jibu la wastani huwa karibu robo nzima. Ukweli ni karibu sehemu moja katika mia.

Hebu fikirini. Dreva wa lori wa Ohio anaamini kwamba katika kila dola nne anazotozwa, moja inapelekwa nje. Akitokea mwanasiasa akimwambia, nitaifuta misaada hii ili upate nafuu, kwa nini asimpigie makofi? Hakuna aliyemwambia hesabu. Wale waliolipwa kumwambia walikuwa Turkana wakipiga picha ya gunia.

Na ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 20 Januari 2025 Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada kwa siku 90, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 USAID ilikuwa imekwisha kuwa shirika, mabaki ya kazi zake yakaingizwa katika wizara yao ya mambo ya nje. Hapa kwetu maelfu ya wafanya kazi wa afya, makarani wa takwimu, washauri wa wagonjwa na madreva waliachishwa. Wengine walipata habari kwa ujumbe wa simu. Na maafisa wa mawasiliano waliobandika zile nembo nao waliachishwa pamoja nao, na hapakuwa na picha ya mama anayecheka iliyowaokoa.

Sasa turudi kwetu, kwa maana ubaya si wa Wamarekani peke yao, na hapa nataka kukaa kidogo.

Katika lugha yetu tumeruhusu neno moja kuharibika, nalo ni neno msaada. Msaada ni kile unachopewa bila kurudisha. Ukirudisha, huo ni mkopo. Ukirudisha na riba, huo ni mkopo wa riba, hata kama aliyekukopesha alikuja na tabasamu akakata utepe. Lakini sikilizeni redio, someni taarifa za maafisa wa habari wa Serikali: barabara imejengwa kwa msaada wa nchi fulani, bwawa limejengwa kwa msaada wa benki fulani. Mara nyingi ni deni. Sisemi deni ni dhambi. Hata mwanachama hukopa kwenye sacco akajenga nyumba. Lakini hakuna mwanachama anayerudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba sacco imemsaidia kwa zawadi.

Mfano mkubwa ni reli mpya ya Mombasa na Nairobi. Mapatano ya mkopo na benki ya Exim ya China yalitiwa sahihi 2014, na gari la kwanza la abiria lilianza safari mwisho wa Mei 2017. Mlikumbuka nderemo zile? Mabango, fulana, nyimbo, vipindi vya televisheni. Matangazo hayakukosa kitu, ila mapatano yenyewe. Mkopo unalipwa kwa riba gani, ugomvi ukitokea unaamuliwa na mahakama ya nchi gani, vifaa vinunuliwe wapi, hayo yalifungiwa kabatini. Na si mambo ya wasomi tu. Mwaka 2019 Serikali ilipoamuru mizigo yote ya nje ipandishwe reli, madreva wa lori, wenye karakana, mama wa vyakula wa Mariakani na Voi, wote waliona mkate ukiondolewa kinywani, na watu wa Mombasa wakaandamana. Waliambiwa kwamba reli ni lazima ilipe deni. Wakauliza, deni kiasi gani, na kwa masharti gani? Kimya.

Nani basi aliyewaamsha wananchi? Si afisa wa mawasiliano. Wananchi walikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na mwezi wa Mei 2022 mahakama ikaamua kwamba Serikali itoe mikataba ile. Mwezi wa Novemba 2022 waziri mpya wa uchukuzi akatoa sehemu yake hadharani. Hapo ndipo tulipoona: mapatano yafuate sheria za China, ugomvi usuluhishwe Beijing, vifaa vinunuliwe China kwa kupewa nafasi ya kwanza, na tena yote yawe siri. Yaani miaka minane wafanya kazi wa nchi hii wamekuwa wadeni wa karatasi wasiyoruhusiwa kuisoma.

Na wale wanaosema siri ni tabia ya Wachina tu, wasome habari za bwawa la Pergau huko Malaysia. Uingereza ilitoa pauni milioni 234 za misaada kwa bwawa hilo, ingawa mkubwa wa kazi katika wizara yao ya misaada alikwisha onya kwamba ni hasara. Ikajulikana kwamba nyuma yake palikuwa na habari za kuiuzia Malaysia silaha. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya London ikaamua kwamba msaada ule haukuwa halali. Aliyeipeleka Serikali mahakamani alikuwa nani? Chama kidogo cha wananchi, World Development Movement. Ofisi ya habari ya wizara ilikuwako wakati wote, na mishahara ililipwa.

Hata hii leo Waingereza hawaelezwi sawasawa. Mwaka 2022 hesabu yao ya misaada ilikuwa pauni bilioni 12.8. Katika hizo, bilioni 3.7, yaani zaidi ya robo, zilitumika humo humo Uingereza kuwatunza wakimbizi, nyingi zikiishia katika hoteli. Kanuni za nchi tajiri zinaruhusu kuhesabu gharama ya mwaka wa kwanza wa mkimbizi kuwa msaada wa nje. Kumtunza mkimbizi ni jambo jema, wala sina neno nalo. Lakini mfanya kazi wa Manchester anayesoma gazeti anadhani fedha zile zilikuja Garissa, na mfanya kazi wa Garissa anajiuliza ni nani aliyezila.

Iko habari nyingine ambayo sijaiona katika kijitabu chochote cha mafunzo. Mwaka 2001 nchi tajiri zilipatana zisiwafunge wanaopokea misaada kununua bidhaa kwa watoaji wenyewe. Watu wakashangilia. Lakini mapatano hayo yalitungwa kwa ajili ya nchi zile zilizo maskini kabisa katika orodha ya Umoja wa Mataifa, na Kenya haimo katika orodha hiyo. Basi kwetu mlango wa kufungwa ulibaki wazi. Afisa wa habari anayejua hili atauliza swali la kwanza kila unapozinduliwa mradi: mabomba haya yametoka kiwanda cha nani? Mafundi ni wa nani, na vibarua wanalipwa kima gani? Hilo ndilo swali la chama cha wafanya kazi, na ndilo swali ambalo halina nafasi katika maneno mia tatu ya mama anayecheka.

Hapa nitie neno juu ya fedha ambazo hazina kibao. Mwaka 2024 Wakenya wanaofanya kazi nchi za nje walituma nyumbani dola karibu bilioni 4.9. Ni wauguzi, madreva, wapagazi, wasichana wa kazi za nyumbani Ghuba, walinzi. Hakuna shule yenye alama ya mikono yao. Hakuna aliyefundishwa kuwatangaza. Nasi tunafahamu baadhi yao wanavyotendewa na matajiri wao huko Saudi Arabia na kwingineko, kunyang'anywa pasi, kufungiwa ndani, kunyimwa mshahara. Kama Serikali ingetumia nusu ya nguvu inayotumia kumshukuru balozi katika kuwalinda watu hawa, tungepata faida zaidi. Basi tuendelee.

Wako watakaosema, na nyinyi vyama vya wafanya kazi je? Swali ni la haki. Sisi tumepokea. Nyumba ya Solidarity katika barabara ya Digo, Nairobi, ilijengwa kwa kusaidiwa na wafanya kazi wa Marekani. Baada ya safari ya Tom Mboya ya 1956 chama kikuu chao kilitoa dola 35,000. Wengi wa viongozi wetu wa zamani walisomea katika chuo cha vyama huru vya dunia kilichofunguliwa Kampala 1958. Vilikuwa vitu vyema, wala hatuoni haya. Lakini kwa sababu wanachama hawakuelezwa kila shilingi imetoka wapi na kwa shabaha gani, miaka ya 1960 ilijaa matusi: huyu wa fedha za Magharibi, yule wa fedha za Mashariki, na vyama vikapasuka. Halafu mwaka 1967 Thomas Braden, aliyekuwa mkubwa katika shirika la upelelezi la Marekani, akaandika gazetini kwamba shirika hilo lilikuwa likiwapa fedha watu wa vyama vya wafanya kazi vya Marekani kwa kazi zao huko Ulaya. Mtu akisoma hayo atakosaje kushuku hata dola iliyo safi? Siri huiharibu hata zawadi ya ndugu kwa ndugu. Kwa hiyo ninayoyadai kwa Serikali na kwa mabalozi nayadai pia kwa chama chetu: katika mkutano wa mwaka katibu asome fedha za nje zote zilizopokelewa, ametoa nani, kwa kazi gani, na zimebaki ngapi.

Sasa, mafunzo yaweje? Mimi ningeanza na karatasi ya mkataba. Afisa afundishwe kuisoma mpaka aone riba, muda wa kulipa, sheria ya nchi gani, na nani atapewa kandarasi. Halafu afundishwe kusoma vitabu vya makisio ya Serikali, ajue kutenganisha fedha za bure na mkopo. Katikati ya mwaka 2025 deni la taifa letu lilikuwa limepita shilingi trilioni 11. Mtu anayetangaza miradi bila kuifahamu namba hiyo ni mpiga zumari tu. Halafu aende kwa watu wenyewe awasikilize, na aliyoyasikia ayarudishe kwa mtoaji, yawe matamu au machungu. Kamera ije mwisho.

Tena lugha. Mapatano huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mafunzo hufanywa kwa Kiingereza cha hoteli. Lakini kumbukeni mwaka 2024, ule Mswada wa Fedha. Vijana ambao hawakuajiriwa na mtu waliusoma, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa lugha za nyumbani, hata kwa lugha ya ishara, wakaupeleka katika simu. Katika majuma machache muuza mboga alijua kodi ya mkate ni nini. Hakuna warsha iliyowafundisha. Wengine walilipa kwa damu tarehe 25 Juni. Walichokuwa nacho ni karatasi yenyewe mkononi na nia ya kumwambia jirani. Kama kijana asiye na mshahara aliweza, kwa nini mwenye mshahara, gari na kompyuta asiweze? Kwa sababu tajiri wake hataki. Hiyo ndiyo sababu, tusizunguke.

Najua jibu litakalokuja: ukiwaambia watoaji ukweli wote, kwamba mradi huu ulishindwa, kwamba fedha zile ziliibwa, kwamba robo ilibaki kwao, wataacha kutoa. Mabwana, wameacha. Waliambiwa hadithi tamu miaka 60, wakaacha. Na Uingereza nayo, iliyojifunga kwa sheria ya 2015 kutoa senti 70 katika kila pauni mia ya pato la taifa lake, ilishusha mpaka 50 mwaka 2021, na Februari 2025 ikatangaza kushusha mpaka 30 ifikapo 2027. Hadithi tamu haikumzuia mtu.

Kwa wenzetu maafisa wa mawasiliano walio wanachama, na walio nje ya chama waingie: kataeni kuandika neno msaada mahali pa neno mkopo. Mkilazimishwa, leteni habari kwa mwakilishi wenu wa kazini. Mtu asifukuzwe kwa kusema kweli, na kama atafukuzwa, hiyo ni kesi ya chama.

Kwa matawi yote: popote penye mradi wa fedha za nje, msingoje afisa. Katibu wa tawi aandike barua kwa ofisi ya Serikali inayousimamia, aombe nakala ya mapatano ya fedha na ya kandarasi. Ataje Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Barua iweza kuandikwa kwa Kiswahili, na hakuna sharti la kusema sababu. Atunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa maana ofisi inapewa siku 21 za kujibu, na siku huhesabiwa toka kupokelewa. Wakikataa au wakinyamaza, malalamiko yapelekwe kwa ofisi ya Ombudsman kabla ya siku 30 kupita. Nakala za barua na za majibu ziletwe kwa karani wa jarida hili, nasi tutazipiga chapa kama zilivyo.